Macho ya Bi Vifungo

Dukani, 9 Februari

Mwanangu Kasuku,

Nianze kwa kukuuliza kama umekula, maana nakujua, ukishika kazi tumbo unalisahau. Sisi huku wazima kwa kiasi chetu. Baba yako mguu umeanza kukubali kukanyaga. Daktari amemwambia atembee kila asubuhi, naye anatembea kutoka kitandani hadi kwenye kiti, halafu anataka apongezwe. Mdomo wake haukuvunjika hata kidogo. Kutwa anatutuma, lete hiki, ondoa kile. Nimemwambia, kaka, wewe umeumia mguu, hukutawazwa.

Hapa dukani mambo ni yale yale. Cherehani yangu imenuna tangu Jumatatu. Nimeipaka mafuta, nimeibembeleza, nimeibadilishia sindano, wapi. Ikifika kwenye mshono mnene inasimama na kunitazama. Muuza viatu wa mlango wa pili naye ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Jana amenisimulia ndoa ya binamu yake kuanzia posa hadi talaka, na mimi nina pasi ya moto mkononi, siwezi hata kukimbia.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Simu ingetosha, lakini simu naipigia hapa hapa dukani, na mwenye habari amekaa karibu yangu, anasikia kila kitu. Ni Bi Vifungo. Wewe umekulia chini ya meza yetu, ukiokota vifungo vyake na kurudia kila tulichosema mpaka tukakupa hilo jina la Kasuku, kwa hiyo sina haja ya kukusifia mkono wake. Tundu la kifungo likizungushiwa uzi na yeye, nguo itachakaa na tundu litabaki.

Macho yake yanakwenda, mwanangu. Amepelekwa hospitali, wakamwambia hakuna la kufanya. Sasa hivi ni kama dirisha lililoshushwa pazia: mwanga unaingia, watu anawaona vivuli, sura hazioni. Ameniambia mimi peke yangu, tena kwa kuniapisha. Nimekaa na neno hili linanikaba, nikasema nimwandikie Kasuku wangu nipate kupumua. Usimwambie mtu. Baba yako hasa, maana ukimwambia baba yako umemwambia muuza viatu.

Mimi shangazi yako.


Ofisini, 2 Machi

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Nimekula, usiwe na wasiwasi, ingawa ni mkate na chai mbele ya kompyuta. Mwambie baba nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Nimehamishiwa chumba kingine, ghorofa ya tatu. Dirisha langu linatazama ukuta wa jengo la jirani, na kwenye ukuta huo kuna bomba linalovuja. Ndiyo mandhari yangu ya kila siku.

Habari ya Bi Vifungo imeniuma. Nilisoma nikaiacha barua mezani, nikaenda kunawa uso. Mpe salamu zangu. Hapana, usimpe, atajiuliza kwa nini leo.

Kazi imenielemea. Nimepewa kuandika kitabu cha wanafunzi, na sura niliyo nayo sasa ni ya lugha ya kueleza vitu, yaani namna ya kumfanya msomaji aone. Mtoto anatakiwa ajue kutofautisha mambo matatu. Tashbihi ni pale unapofananisha na ukakiri kwamba unafananisha, unasema hiki ni kama kile, au mithili ya kile. Sitiari huombi ruhusa, unasema hiki ni kile, basi. Tashihisi ni kukipa kitu kisicho na uhai tabia ya mtu. Kuyaeleza ni rahisi, kazi iko kwenye mifano. Mhariri wangu ni mtu mgumu. Nikimwandikia "mrefu kama mlingoti", karatasi inarudi ina neno moja kwa wino mwekundu: Imechakaa. Anataka mifano iliyo hai, iliyotoka midomoni mwa watu wanaofanya kazi zao.

Nimemwambia nina shangazi ambaye hawezi kuomba chumvi bila kuisingizia jambo. Amecheka, na kwa mtu yule kucheka ni tukio. Kwa hiyo niandikie, shangazi, niandikie vile vile unavyoniandikia siku zote, usibadilishe kitu. Barua zako nazisoma mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa ajili yangu.

Mwanao, Kasuku.


Dukani, 21 Aprili

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Mkate na chai si chakula, usinidanganye. Baba yako sasa anafika hadi mlangoni kwa muuza viatu, na nimegundua kwamba daktari hakuhitajika, umbea ulitosha. Paa la jikoni lililokuwa likivuja limezibwa. Cherehani tumepatana, ingawa naiona bado ina kinyongo.

Nimesoma hayo majina yako matatu nikacheka. Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikifanya tashihisi, na mimi nilidhani naisema cherehani tu. Nimejaribu kumweleza baba yako tofauti zake, akaniambia nimwache apumzike.

Hukuniuliza tunafanyaje kazi na macho yale, lakini nitakwambia, maana natamani kumwambia mtu. Asubuhi kabla ya kufungua mlango natunga uzi kwenye sindano na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji, nyeusi kushoto, nyeupe kulia, za rangi katikati. Mkasi hauondoki kwenye msumari wake. Mtu akiingia napaza sauti, karibu mama, hicho kilemba cha kijani kimekukubali, na hapo Bi Vifungo ameshajua ni nani na ageukie upande gani. Wateja wanadhani uzee umenizidishia ukarimu. Kitambaa kipya kikija anakishika kwa vidole vyote, halafu ananiuliza chini chini, "Kama nini?" Nikimwambia zambarau anakunja uso, zambarau ziko nyingi. Nikimwambia kama ganda la kitunguu chekundu, lile la ndani, lililo karibu na mzizi, anaitikia kwa kichwa. Ameshakiona. Rangi zote amezihifadhi, mwanangu, anachotaka ni mtu wa kumwonyesha alikoiweka hii. Kutwa nzima tuko hivyo, yeye kama nini, mimi kama hiki, na sijawahi kufurahia mdomo wangu kama siku hizi.

Sasa sikiliza. Mwalimu wa shule ya mtaa wetu, yule mama mrefu, anaoza binti yake mwezi wa tisa, na gauni limeletwa kwetu. Mgongo mzima ni vifungo, vidogo vya kufunikwa kwa kitambaa, kuanzia shingoni hadi kiunoni, na kila kimoja kinataka tundu lake la mkono. Nilidhani Bi Vifungo atakataa. Amekubali, na akaniambia hili ndilo la mwisho. Siku ya kulikabidhi atasimama mbele ya bibi arusi na mama yake na aseme mwenyewe kwamba amelishona haoni. "Nataka walione gauni kwanza, ndipo waambiwe," alisema. "Wakiambiwa kwanza hawataliona gauni. Wataona macho yangu."

Nikamwahidi. Ndiyo maana narudia tena, haya yaishie kwako.

Mimi shangazi yako.


Ofisini, 17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Kitabu kimetutoa jasho wote, tumekuwa tukitoka ofisini walinzi wakiwa wamebadilishana. Nimefurahi kusikia baba anatembea. Nimekutumia kwa posta vibobini vipya vya cherehani, ukivipata nijulishe.

Kitabu kimekwenda kiwandani. Sura yangu mhariri ameirudisha bila wino mwekundu, jambo ambalo hapa halijamtokea mtu. Kuna mstari mmoja aliusoma, akasema, huu utamfanya mtoto aache kuchezea kalamu. Mwezi wa nane kitaanza kugawiwa shuleni. Ndani yake kuna kitu kitakachokufurahisha. Sikwambii ni nini, utakiona.

Gauni linaendeleaje?

Mwanao, Kasuku.


Dukani, 3 Septemba

Nimepata vibobini. Baba yako mzima. Salamu ziishie hapo.

Jumamosi mwalimu alikuja kutazama gauni. Bi Vifungo alikuwa amebakiza matundu ya chini kabisa, ya karibu na kiuno, na gauni lilikuwa limemjaa mapajani. Mwalimu akaliinua upande wa shingo, akapitisha kidole kwenye vifungo kimoja kimoja, akasema hajaona kazi ya namna hii. Nilimwona Bi Vifungo anavyotabasamu huku akiendelea kushona. Kulikuwa na siku chache tu kabla ya yeye kusema alichokuwa amekipanga.

Halafu mwalimu akatoa kitabu kwenye mkoba. Kipya, bado kinanuka wino. Akasema alikuwa akiandaa somo akasikia sauti yangu, akafungua ukurasa wa mbele akakuta maneno: kwa shangazi yangu, fundi cherehani, aliyenifundisha kuona. Akajua ni wewe. Akatusomea. "Cherehani imenuna tangu Jumatatu", hiyo ni tashihisi. Tukacheka, na mimi nikacheka, nikajiona mtu. "Muuza viatu ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia", hiyo ni sitiari. Muuza viatu akaitwa, akaja mbio, akataka isomwe tena, akauliza kwa nini picha yake haikuwekwa. Duka zima lilikuwa linacheka. Mwalimu akaendelea na mstari wa chini yake, bila kuwaza, kama mtu anavyosoma kilicho mbele ya macho: "Macho ya fundi wa vifungo ni dirisha lililozibwa."

Alianza mstari ule kwa sauti ya kuchekesha na nusu ya pili ikamwishia mdomoni. Akamtazama Bi Vifungo. Akatazama sindano zangu kwenye sponji, nyeusi kushoto, nyeupe kulia. Akanitazama mimi. Muuza viatu akarudi kwake kinyumenyume.

Bi Vifungo hakuinua kichwa. Alimalizia tundu alilokuwa nalo, akakata uzi kwa meno.

"Soma tena," akasema.

Mwalimu akasema hakuna haja.

"Soma tena, mwalimu. Mimi siwezi kujisomea."

Basi ikawa amesema mwenyewe. Lakini hakusema alivyotaka kusema. Hakusimama, gauni halikuwa limekamilika, na aliyeongoza mazungumzo hakuwa yeye, ulikuwa wewe.

Jumatatu gauni limechukuliwa. Kwa heshima kubwa, kwa asante nyingi, bibi arusi eti anataka kulijaribu nyumbani. Matundu yaliyobaki yatatobolewa na mtu mwingine kwa mashine. Waliondoka, na Bi Vifungo akaniuliza swali moja tu, ni nani mwingine niliyemwambia. Nikasema hakuna, ni mwanangu peke yake. "Mwanao," akasema, "ameiambia nchi nzima." Tangu hapo hajaniuliza kitu chochote ni kama nini.

Nilikuandikia pazia. Nilikuandikia mwanga unaingia. Nilikuandikia kama, na kama hiyo niliiweka kwa sababu yeye bado ana mwanga wake kidogo na sikutaka kumnyang'anya hata kwenye barua. Wewe ukaitoa. Ukaliziba dirisha, ukampeleka darasani watoto wampigie mstari kwa kalamu. Ningekuomba picha yangu nikiwa sina nguo uitundike sokoni, ungekataa, ungesema shangazi hiyo ni aibu. Hili hukuliona aibu.

Umeniuza. Nimejaribu kutafuta neno laini na sijalipata. Na hilo jina la Kasuku nalichukua. Kasuku hurudia alichosikia, habadilishi.

Shangazi.


Ofisini, 15 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika nyingine nikaichana. Hii naituma ilivyo.

Sikutaja jina. Sikutaja mtaa. Nilidhani inatosha, na sasa naona nilijidanganya, maana ni mimi niliyekuweka ukurasa wa mbele. Nilitaka ufurahi. Nilikuwa nakuona kichwani ukikifungua kitabu dukani na kumwonyesha Bi Vifungo, na wala sikuona upumbavu ulio ndani ya picha hiyo, kumwonyesha kitabu mtu asiyeona, tena kitabu chenye habari zake.

Umesema niliitoa ile kama. Sababu ni ndogo mpaka naona haya kuiandika. Tashbihi zilikuwa zimejaa. Sitiari nilikuwa na ya muuza viatu, ya kuchekesha, na mhariri alitaka ya pili iliyo nzito ili ziende mbili mbili. Nikapitia barua zako, nikaukuta ule mstari. Nikaondoa neno, maneno ya pazia yakawa marefu, nikaandika lililozibwa. Nilikuwa namwaza mwanafunzi, nawaza mstari. Yeye mwenyewe sikumwaza hata kidogo, na hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Lakini nitasema na jingine, na uniwie radhi. Mimi sikuapishwa na Bi Vifungo. Aliyeapishwa ni wewe. Siri ile ilivuka mlango wa duka kwa kalamu yako kabla haijafika kwenye yangu. Nisipolisema hili nitakuwa naomba msamaha wa nusu, na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kutosema nusu.

Nifanye nini? Niambie nikifanye.

Mwanao.


Ofisini, 28 Oktoba

Shangazi, shikamoo.

Nimepiga simu dukani, baba akapokea, akasema uko na mteja. Nikapiga tena, ukawa na mteja tena. Baba hajui kusema uongo, nilisikia unavyomwelekeza.

Niandikie hata matusi.

Mwanao.


Dukani, 19 Novemba

Barua zako zimefika zote.

Ulilosema ni kweli. Niliapishwa mimi na nilisema mimi. Bi Vifungo naye ameniambia hivyo hivyo, kwa maneno machache kuliko yako. Kwa hiyo wewe umeniuza mimi, na mimi nilikuwa nimeshamuuza yeye, na kati yetu watu watatu aliyepoteza kazi ni yule ambaye hakufungua mdomo. Usidhani kwamba kwa kuwa tumegawana kosa basi hasira yangu kwako imepungua. Nina hasira na wewe na nina hasira na mimi, kila moja imekaa mahali pake.

Amehamia kwa dada yake. Alikuja kuchukua vitu vyake, mkasi, kastabini yake ya shaba, kopo la vifungo. Nikamwomba nimsindikize hadi kituoni, akasema dada yake anamsubiri nje. Akiwa anatoka mkono wake ukagusa kitambaa kilichokuwa mezani kwangu, akasimama, akakishika kwa vidole vyote kama zamani. Nikafungua mdomo. "Usiniambie," akasema, na akakiacha.

Arusi imepita. Bibi arusi alivaa lile gauni, nimeliona mwenyewe kwa mbali. Mwalimu anasema hakuna anayeweza kutambua matundu ya mkono ni yapi na ya mashine ni yapi. Mimi nilitambua. Mwalimu si mtu mbaya, amekuja mara mbili kuniuliza Bi Vifungo anakaa wapi ampelekee asante. Nilipomfikishia, Bi Vifungo alisema asante hiyo ingekuja kabla ya kitabu angeipokea.

Umeuliza ufanye nini. Sijui. Ninachojua ni nitakavyofanya mimi. Kuanzia leo nakuandikia mambo yalivyo, maana sitaki kukuta kitu changu kingine kimegeuzwa somo. Mguu wa baba yako umepona. Mvua imenyesha juzi na jana. Paa linavuja upande wa mlango. Muuza viatu ana mafua. Cherehani imekatika mkanda, fundi anakuja Alhamisi.

Shangazi.


Ofisini, 11 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi baba amepona kabisa. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika kwenye mkanda wa cherehani nashindwa kuendelea.

Nina habari. Kitabu kinachapwa upya. Nilimwomba mhariri aufute ule mstari, akasema kurasa zimeshapangwa, nafasi haiwezi kubaki tupu. Tumegombana, mlango ukafunguliwa na watu wa vyumba vingine wakachungulia. Mwisho amekubali turudishe maneno yako kama ulivyoyaandika. Mstari umehamishwa, umewekwa kwenye tashbihi: "Macho ya fundi wa vifungo ni kama dirisha lililoshushwa pazia: mwanga unaingia." Ukurasa wa mbele nao nimekutoa, hakuna atakayejua. Nakutumia ukurasa wenyewe humu ndani ya bahasha. Najua ni kidogo. Tafadhali msomee, umwambie nimerudisha.

Mwanao ambaye bado ni mwanao.


Dukani, 8 Februari

Umekula? Sijakuuliza tangu mwezi wa tisa.

Baba yako hajambo. Paa limezibwa.

Nilikwenda kwa dada yake Bi Vifungo Jumapili na ukurasa wako kwenye mkoba. Alinikaribisha, akanipa chai, akaniuliza habari za mguu wa baba yako. Chumba chake ni kidogo, kitanda na kiti kimoja, na vifungo amevipanga dirishani kwa ukubwa, anavipapasa akiongea. Nikamsomea. Nilisoma polepole, nikamwambia neno limerudi, pazia limerudi, mwanga nao umo.

"Kwa hiyo bado nimo," akasema.

Nikasema ndiyo, bado umo. Akaniomba nimpe ule ukurasa, akaupapasa pande zote mbili, akaukunja mara nne, akanirudishia. Tukazungumza mambo mengine. Nilipoaga hakusema nirudi wala hakusema nisirudi.

Nakwambia haya kwa sababu uliniagiza nimwambie, na nimemwambia. Kitabuni neno lako limepata mahali pake. Hapa dukani kiti chake hakina mtu, na asubuhi mkono wangu bado unatunga sindano zake bila kuniuliza, nyeusi kushoto, nyeupe kulia. Jioni nazichomoa uzi wote.

Jana mteja ameleta kitambaa cha gauni. Nilikikunjua mezani, jua likakipiga, na rangi yake ni ya aina ambayo huikuti mara mbili. Nikageukia upande wa kiti. Lilikuwa limeshanijia mdomoni ni kama nini, na lilikuwa zuri, zuri kuliko yote niliyowahi kumwambia. Nikalimeza. Na wewe sikwambii. Nimechukua kipande cha karatasi nikaandika "kijani", nikakibana kwa pini.

Shangazi yako.